Damu Yetu Huenda Wapi?

Katika nchi ya Kwale, toka Tiwi mpaka Vanga, na toka ufuko wa Diani mpaka Kinango bara, ni shida kumpata mtu mzima ambaye hajapata kutolewa damu. Mama mja mzito hutolewa damu kliniki. Mtoto mwenye homa hutobolewa kidole zahanatini. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari hupimwa damu yake kila aendapo kumwona daktari. Tena wako waliotolewa damu majumbani mwao, hali si wagonjwa, kwa sababu wataalamu walitaka kujua ni maradhi gani yaliyokaa katika kijiji chao.

Hata hivyo, jambo hili lililo la kila siku halijazoeleka mioyoni. Keti kwenye benchi nje ya chumba cha maabara, nawe utawaona wanaume wasioogopa kukwea mnazi mrefu wala kuvua baharini usiku wa giza, wakigeuza uso ukutani sindano inapokaribia. Na wakiwa njiani kurudi makwao, swali lao ni moja: Damu yetu huenda wapi?

Swali hili si la kipumbavu, wala si la kuchekwa. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini watu wa pwani wameliuliza tangu zamani, jibu lake ni nini, na ni nani apasaye kulijibu.

CHUKU NA SINDANO

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kutoa damu mwilini si jambo lililoletwa na hospitali. Watu wa pwani wamejua kuumika tangu zamani. Mwumishi huchanja ngozi kidogo, akaweka chuku, yaani pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, juu ya chanjo hizo. Kisha huvuta hewa kwa mdomo, akaziba tundu kwa nta, na damu ikaja yenyewe ndani ya pembe. Watu wengi wamepigwa chuku kwa maumivu ya kichwa au ya mgongo, wala hawakumwogopa mwumishi kuwa ni mnyonya damu.

Basi tofauti iko wapi? Tofauti ni hii. Kwa chuku, damu hutolewa ili itoke. Huhesabiwa kuwa ni damu mbaya, humwagwa mbele ya macho ya mgonjwa, naye hufurahi kuachana nayo. Lakini kwa sindano ya hospitali, damu hutolewa ili ichukuliwe. Hutiwa katika kichupa, kichupa kikaandikwa jina, kikapelekwa katika chumba ambacho mwenye damu haingii. Aliyeumikwa hurudi nyumbani shughuli yake imekwisha. Aliyetolewa damu kwa sindano hurudi akiwa ameacha sehemu ya mwili wake mikononi mwa watu wengine, na shughuli haikwishi mpaka aletewe habari yake.

Kwa hiyo mtu wa pwani haogopi damu kutoka. Kinachomtia wasiwasi ni damu iliyokwenda bila kurudisha jibu.

HOFU YA MUMIANI

Wasiwasi huu una jina la zamani, nalo ni mumiani. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, ikatolewa mwaka 1939, yaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi mfano wa gundi, ambacho baadhi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili walikitumia kuwa dawa ya maumivu na ya mifupa iliyovunjika, na ambacho husemwa kuwa chatoka Uajemi. Lakini kamusi hiyo hiyo yaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyoganda, na kwamba uvumi ukienea mjini kuwa mumiani yatafutwa, watu waliingiwa na hofu kubwa, hata ni wachache waliotoka nje baada ya jua kutua.

Baadaye jina la dawa likawa jina la watu. Mumiani akawa ndiye mtu mwenyewe anayetembea usiku akitafuta damu ya wenzake. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi za namna hii katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 2000, naye alizikuta katika Kenya, Uganda, Tanganyika na hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Pengine waliosingiziwa walikuwa wazimamoto, pengine askari. Mara nyingi walikuwa watu wenye kuvaa sare, wenye motokaa, na wenye kazi ambayo raia hakuelezwa maana yake.

Hadithi hizo hazikuwa kweli. Lakini hofu iliyozizaa haikutoka hewani. Wakati wa ukoloni, katika nchi nyingi za Afrika, watu waliamriwa kujipanga mistari wapimwe ugonjwa wa malale, wala hawakuulizwa kama wapenda au hawapendi. Mtu akichukuliwa kitu bila kuelezwa, hujitafutia maelezo mwenyewe. Na maelezo ayapatayo gizani si mazuri siku zote.

DAMU YA USIKU

Katika nchi ya Kwale hofu hii ilikutana na jambo gumu zaidi, maana uko ugonjwa mmoja ambao damu yake, kwa miaka mingi, ilibidi kutolewa usiku. Huo ni ugonjwa wa matende na mabusha, unaojulikana sana pwani. Wako wazee ambao mguu wao umevimba mpaka hauingii kiatuni, na wako wanaume walioacha kwenda ngomani na arusini kwa kuona haya.

Ugonjwa huu huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, uitwao Wuchereria bancrofti, unaokaa katika mishipa ya maji ya mwili. Mnyoo huu huzaa watoto wasioonekana kwa macho, nao huogelea katika damu. Mbu akimwuma mgonjwa huwanyonya pamoja na damu, kisha huwapeleka kwa mtu mwingine. Ajabu yake ni kwamba mchana watoto hao hujificha katika mishipa ya ndani, hasa ya mapafu, na usiku hutoka wakaja karibu na ngozi, saa ile ile mbu wao anapouma. Katika nchi zetu huonekana kwa wingi kati ya saa nne na saa nane za usiku.

Daktari Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi katika bandari ya Amoy huko China, ndiye aliyegundua mwaka 1877 kwamba minyoo hiyo huingia katika mbu. Baadaye akawaweka wasaidizi wawili, mmoja apime damu mchana na mwingine usiku, na hivyo ikajulikana habari ya saa zao.

Basi fikiri, ewe msomaji. Katika nchi ambayo watu wamelelewa kwa kuambiwa wasifungue mlango usiku kwa sababu ya mumiani, wanakuja watu wa serikali na wa chuo kikuu, saa nne za usiku, wameshika taa na sindano, wanabisha hodi na kuomba damu! Mwenye busara gani asingesita?

Hata hivyo watu walifungua milango. Mwaka 1977 D. J. B. Wijers alitoa ripoti zake kuhusu matende katika Kenya, akianza na uchunguzi wa wanaume wazima wa Mkoa wa Pwani. Mwaka 1994 Benson Estambale, Paul Simonsen na wenzao walitoa ripoti yao kuhusu ugonjwa huo katika Wilaya ya Kwale yenyewe. Kurasa hizo zimejaa hesabu na majedwali, lakini nyuma ya kila hesabu yuko mtu aliyekatiza usingizi wake, akanyosha kidole kwenye mwanga wa taa. Majina yao hayamo vitabuni. Yafaa tuwashukuru.

Je, damu ile ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye kipande cha kioo, ikakaushwa, ikatiwa rangi, ikatazamwa kwa darubini, minyoo ikahesabiwa. Kwa hesabu hizo ikajulikana kwamba matende ya pwani ni ugonjwa wa kijiji kizima, wala si balaa la mtu mmoja aliyerogwa au aliyelaaniwa. Kwa sababu hiyo, serikali ilipoanza kugawa vidonge vya matende kwa watu wote, ilianza katika wilaya ya Kilifi mwaka 2002, na mwaka 2003 ikaongeza Kwale na Malindi.

Jibu basi lilirudi, nalo lilirudi kwa sura ya vidonge. Lakini tuhesabu kwa haki: tangu ripoti ya 1977 mpaka ugawaji wa 2003 ilipita miaka 26. Mtu aliyenyosha kidole akiwa kijana alikuwa amekuwa mzee. Hapo ndipo twaona kwamba wajibu wa achukuaye damu hauishi damu inapokauka kwenye kioo.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Tangu miaka ya 1990 kiko kipimo cha kadi ambacho hutambua dalili za mnyoo mkubwa katika damu hata mchana, kwa matone machache ya kidole, na majibu hupatikana kwa dakika chache. Hodi ya usiku wa manane imekuwa haba.

HOMA ZOTE SI MALARIA

Damu itolewayo mara nyingi zaidi pwani ni ya kutafuta malaria. Zamani mtu akishikwa na homa baada ya mvua za masika alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kila inapowezekana. Kwa hiyo zahanatini hutobolewa kidole. Tone moja latosha kwa kipimo cha haraka, na kwa muda wa dakika kama 20 jibu hupatikana.

Lakini wazazi wengi hulalamika wakiambiwa kwamba tone halikutosha, na kwamba mtoto lazima atolewe damu ya mshipa. Sababu ni kwamba homa zote si malaria. Tangu mwaka 2014 watoto wenye homa wa Msambweni na Ukunda walipimwa damu katika uchunguzi uliofanywa na Wakenya pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani. Ilionekana kwamba baadhi ya watoto walikuwa na homa ya dengi au chikungunya, maradhi yanayoletwa na mbu wa mchana, ambayo dawa ya malaria haiyatibu hata kidogo. Na chikungunya si ngeni pwani: ilishika Lamu mwaka 2004, kisha Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018.

Pasipo damu ile, mtoto angalipewa dawa isiyo yake, na mama yake angalirudi kijijini akisema kwamba dawa za hospitali hazifai.

MTOTO HANA DAMU, MBONA MWAMTOA NYINGINE?

Sasa twafika kwenye swali zito kuliko yote. Mama hufika hospitali usiku, amembeba mtoto aliyepauka viganja, anayepumua kwa haraka. Huambiwa kwamba mtoto hana damu ya kutosha kwa sababu ya malaria. Mara mpimaji huja na sindano ili amtoe damu. Mama hushika mkono wa mwanawe akauliza: Mtoto hana damu, mbona mwamtoa nyingine?

Swali hili lina haki yote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na likijibiwa kwa ukali, au lisipojibiwa, mama aweza kumchukua mtoto akaondoka naye, na mtoto wa namna hiyo hafiki mbali.

Jibu lake ni hili. Mtoto huyo aokolewa kwa kuongezwa damu ya mtu mwingine, lakini damu za watu si za aina moja. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu zagawanyika kwa makundi, na kwamba zisizopatana zikichanganywa hugandamana. Mtu akiongezwa damu isiyopatana na yake aweza kufa kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kumponya. Kwa hiyo hapana budi damu kidogo ya mtoto itolewe, ijulikane ni ya kundi gani, tena ichanganywe na ile atakayopewa ili ionekane kama zapatana.

Tuseme mtoto ana uzito wa kilo 10. Mtoto wa uzito huo, akiwa mzima, huwa na damu yapata mililita 800. Atatolewa mililita 2 au 3, nazo hazifiki kijiko kimoja cha chai. Badala yake ataongezwa damu nyingi, mara nyingi mililita 200 kwa wakati mmoja. Mwenye duka yeyote aona kwamba biashara hii ni ya faida.

Na damu hiyo ya kuongezwa yatoka wapi? Haitoki katika vile vichupa vya kupimia. Yatoka kwa watu walio hai, wenye afya, waliojitolea. Mtu mmoja hutoa kama mililita 450 kwa mara moja, ikapimwa isiwe na maradhi, ikawekwa mahali pa baridi. Katika Kenya sehemu kubwa ya watu hao wamekuwa wanafunzi wa shule za sekondari; shule zikifungwa, damu hupungua, ingawa malaria haina likizo. Kila baba wa Kwale mwenye afya, aliye kati ya miaka 16 na 65, na uzito wake si chini ya kilo 50, aweza kuwa ndiye aliyemwokoa mtoto wa jirani yake bila kumjua.

VIJIKO VYA CHAI

Wengi hudhani kwamba damu itolewayo ni nyingi, kwa kuwa kichupa huonekana kirefu na rangi ya damu hutisha. Mtu mzima ana damu kama lita nne hadi tano. Kichupa cha kawaida huchukua mililita 3 mpaka 5, yaani kijiko kimoja cha chai au pungufu yake. Maji ya damu hiyo hurudi mwilini upesi, na chembe nyekundu huumbwa upya kila siku, kwa maana kila chembe huishi yapata siku 120 tu, kisha hufa hata kama hukutolewa damu.

Mbona vichupa viwili au vitatu? Kwa sababu kila kifuniko kina maana yake. Kile chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuizuia damu isigande, ili chembe zake zihesabiwe. Kile chenye kifuniko chekundu huachwa damu igande, kisha maji yake ya juu huchukuliwa kwa vipimo vingine. Damu ya kichupa kimoja haiwezi kufanya kazi ya kichupa kingine.

Mbona mtoto alichomwa mara mbili au tatu? Kwa sababu mishipa ya mtoto mdogo ni membamba, na mtoto aliyeharisha au kutapika hupungukiwa na maji, mishipa yake ikajificha. Si dalili ya ukatili. Lakini ni desturi njema kwamba mpimaji aliyekosa mara mbili amwite mwenzake ajaribu, na mzazi aweza kuomba hivyo kwa adabu.

Mbona wengine huanguka? Wengi wao hawakuishiwa na damu. Ni hofu tu ambayo kwa muda kidogo hupunguza mapigo ya moyo na nguvu ya damu, hata mtu akaona giza. Aliyepata kuanguka zamani na aseme mapema, alazwe kitandani. Kisha abanwe pamba kwa dakika chache bila kukunja wala kusugua mkono, ili pasiwe na alama nyeusi.

Na je, katika mwezi wa Ramadhani? Swali hili huulizwa sana, kwa kuwa wengi wa wenyeji wa Kwale ni Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani, kuumikwa hakubatilishi saumu, na kwa hiyo wanazuoni wengi huona kwamba kutolewa damu kidogo ya kupimwa ni vivyo hivyo. Mwenye shaka na amwulize mwalimu wake.

Mwisho, damu ikiisha kupimwa hufanywaje? Katika hospitali, iliyobaki huharibiwa kwa joto kali, kwa dawa, au kwa kuchomwa motoni. Haiwezi kuuzwa ili mtu aongezwe, kwa maana ni kidogo, imetiwa dawa, wala haikuhifadhiwa kwa kazi hiyo. Katika uchunguzi wa kitaalamu, pengine huwekwa katika baridi kali kwa miaka, au hupelekwa Nairobi au ng'ambo. Jambo hilo si siri wala haipasi kuwa siri. Mtu apaswa kuambiwa kabla hajanyosha mkono.

MGONJWA HAULIZWI UJI

Wazee wetu walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, umwonapo mgonjwa mpikie, usingoje aseme. Ni methali ya huruma. Lakini methali hii ni ya kutoa, wala si ya kuchukua. Uji mpe bila kumwuliza. Damu yake usiichukue ila umemwuliza.

Hivi ndivyo ulimwengu ulivyokubaliana. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari cha Ulimwengu, katika mkutano wake wa Helsinki, kiliweka kanuni za kuchunguza maradhi kwa miili ya watu, na mojawapo ni kwamba mtu akubali kwa hiari, baada ya kuelezwa. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2006 juu ya ukimwi yakataza kumlazimisha mtu apimwe na yaagiza majibu yake yawe siri. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na matibabu yake, kwa lugha anayoifahamu, na haki ya kukubali au kukataa.

Lakini karatasi ya sheria peke yake haiondoi hofu. Huko Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza imefanya kazi tangu mwaka 1989, wataalamu Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh waliandika mwaka 2004 na 2005 juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba wazazi wengi waliotia sahihi hawakutofautisha uchunguzi na matibabu. Walikubali kwa sababu waliiamini hospitali, au kwa sababu mtoto alikuwa hali mbaya na hawakuwa na njia nyingine. Kuaminiwa hivyo ni heshima kubwa, lakini pia ni mzigo mkubwa. Mtu akuaminiye bila kuelewa umemkopa, wala hujamlipa.

Kwa hiyo kila upande una wajibu wake. Mpimaji na atoe salamu, amwite mgonjwa kwa jina lake na kwa heshima ya umri wake, Mzee, Mama au Bibi. Amweleze kwa Kiswahili, au kwa Kidigo na Kiduruma akivijua, ni damu kiasi gani na ya kupima nini. Afungue sindano mpya mbele ya macho yake. Aandike jina juu ya kichupa mgonjwa akiona. Na zaidi ya yote, amwambie ni lini majibu yatakuwa tayari, kisha siku hiyo yawe tayari. Mkulima aliyeacha shamba lake la muhogo na kutoa nauli toka Lunga Lunga hadi Msambweni, akaambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa arudi kesho kutwa, hatanyosha mkono tena kwa moyo mweupe. Dakika tano za maneno ni rahisi kuliko miaka ya mashaka.

Mgonjwa naye asikae kimya. Kuuliza si ujinga. Na aulize mambo manne: Mwatoa kiasi gani? Mwapima nini? Majibu nitapewa lini, na na nani? Damu itakayobaki itafanywaje? Akiwa ametakiwa kuingia katika uchunguzi, aulize la tano: Nikikataa, je, nitatibiwa vile vile? Jibu la haki kwa swali hilo ni ndiyo. Akipewa majibu, na ayaweke pamoja na kadi yake ya kliniki, maana daktari wa mwaka ujao atataka kuyaona.

Nao wazee wa mitaa, walimu, maimamu na makarani, ambao watu huwaendea wakitaka ushauri, wasieneze habari ya mumiani wala wasimcheke aiaminiye. Na wamsindikize mwenye hofu mpaka mlango wa maabara, waulize pamoja naye, wasikie jibu pamoja naye.

Watu wa Kwale walikwisha kunyosha vidole vyao kwenye mwanga wa taa, saa nne za usiku, wakawapa wageni damu yao. Sasa wakiuliza damu yao huenda wapi, na wajibiwe mchana, tena kwa sauti ya kusikika.